Feni ya kujitengenezea kwenye gari la kubebea mbwa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nabeba mbwa. Wangu ni wawili, na mara kwa mara huwabeba wa majirani, kutoka Goba kwenda kwa daktari wa mifugo au kuvuka kwenda Kigamboni. Gari ni Noah ya zamani ambayo kiyoyozi chake kilikufa kabla sijainunua. Feni ya kwanza niliitengeneza vibaya, ya pili nusu vibaya, na ya tatu ndiyo iliyoko dirishani mpaka leo. Watu wakiiona kwenye foleni huuliza, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika.

Feni inapoza?

Haipozi. Feni inahamisha hewa tu. Kama nje ni nyuzi 32, ambayo ni hali ya kawaida ya mchana wa Januari hapa Dar, feni haiwezi kuleta hewa ya nyuzi 31. Wewe ukikaa mbele ya feni unajisikia vizuri kwa sababu una jasho mwili mzima na upepo unalikausha. Mbwa hana jasho la namna hiyo. Analo kidogo tu kwenye nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na koo lenye unyevu, maji yanageuka mvuke, joto linaondoka. Hewa inayomzunguka ikishajaa mvuke wa pumzi zake mwenyewe, kuhema hakumsaidii tena. Anahema zaidi, anachoka, na misuli ya kuhema nayo inazalisha joto.

Hapo ndipo feni inapofanya kazi. Inaondoa ile hewa aliyoitumia na kuleta nyingine. Hewa ya pwani ina unyevu wake tayari, lakini haifikii ile ya ndani ya gari lililofungwa vioo.

Basi inaweza kuondoa joto kiasi gani?

Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kuongeza feni nikaanza kutafuta mapazia. Feni mbili za sentimita 12, zikishafungwa na wavu wake, husukuma kwa makadirio mita za ujazo 80 za hewa kwa saa. Hewa kiasi hicho hubeba takriban wati 27 za joto kwa kila nyuzi moja ambayo ndani imezidi nje.

Mbwa wa kilo 30 aliyetulia hutoa joto la wati 45 hivi. Akiwa na wasiwasi na anahema, chukulia mara mbili: 90. Gawanya kwa 27, unapata nyuzi tatu na kitu. Yaani feni mbili ndogo zinamudu joto la mbwa mwenyewe, ndani ikabaki nyuzi chache tu juu ya nje. Hiyo ni kazi nzuri.

Sasa weka jua. Jua la saa sita mchana huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Dirisha moja la nusu mita ya mraba likipigwa moja kwa moja linaweza kuingiza wati 300. Dirisha moja tu, na tayari feni zako zimeelemewa. Ungehitaji feni nyingi kuliko madirisha uliyonayo. Kwa hiyo jua lizuiwe lisiingie kabisa, kwa kadibodi iliyofunikwa karatasi ya aluminiamu, pazia la rangi nyeupe, au turubai linaloning'inia nje ya kioo ukiwa umesimama. Kivuli cha nje ya kioo ni bora kuliko cha ndani, maana joto halijapita bado. Ukishaweka kivuli, ndipo ufikirie feni.

Naweza kumwacha mbwa ndani ya gari feni ikizunguka, niingie dukani mara moja?

Hapana. Swali hili naulizwa kuliko yote, na huwa linakuja limevaa nguo tofauti: "dakika tano tu", "nimeegesha kwenye mwembe", "feni ni mbili". Utafiti uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 2005 ulipima gari lililoegeshwa juani katika siku za nyuzi 22 hadi 36. Ndani joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Kivuli cha mwembe nacho hutembea. Ukitoka dukani kimeshahamia kwa jirani. Na feni ni kifaa chenye waya, na waya huchomoka. Feni hii ni ya safari na foleni, wewe ukiwemo garini.

Ninunue feni ya aina gani?

Feni ya kompyuta ya mezani, ya volti 12, upana sentimita 12. Mafundi wa kompyuta Kariakoo wanazo zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa, nao hawazijali sana. Soma karatasi iliyobandikwa katikati: iandikwe 12V, na namba yenye herufi A, mara nyingi kati ya 0.15 na 0.30. Hicho ndicho kiasi cha umeme inachokula, na ni kidogo sana. Izungushe kwa kidole: ikikwaruza, iache.

Kama ina nyaya tatu au nne usiogope. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Njano na bluu ni za kuwasiliana na kompyuta. Zikate, zifunge tepu kila mmoja peke yake, feni itazunguka kwa kasi yake yote. Rangi zikiwa tofauti na hizi, mwombe fundi azipime kabla hujaunga, maana kugeuza chanya na hasi kunaweza kuiua.

Watu hupenda kuniambia watafunga feni ya rejeta. Ile inakula umeme mwingi, ina makali, na kelele zake mbwa hatazivumilia. Feni ya chooni ya volti 220 na inveta nayo niliwahi kuiona kwenye gari la mtu. Umeme wa nyumbani, mbwa mwenye mate na maji ya kunywa vyote kwenye buti moja! Sikukaa kuangalia mwisho wake.

Ipulize hewa ndani au iitoe nje?

Ipulize ndani, na ipulize kutoka mbele. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu feni yangu ya kwanza ilitaka kutuua.

Niliifunga nyuma. Mlango wa buti nikauacha wazi kiasi cha kiganja, nimeufunga kwa kamba, feni inavuta hewa ya nje kuingiza kwenye kizimba. Nilijiona mjanja. Kufika Mwenge kichwa kilikuwa kinagonga na mbwa ametapika. Nikadhani ni jua. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alipoiona alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akanionyesha ekzosi ilipo: chini kabisa ya ule mwanya.

Gari likitembea, nyuma yake hubaki eneo la hewa yenye msukumo mdogo, na moshi wa ekzosi huzunguka pale pale. Ukifungua buti kidogo, moshi unaingia hata bila feni. Ukiweka feni ya kuvuta, umeuita kwa jina. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoteka damu ili isibebe oksijeni. Mbwa aliye nyuma ndiye anayeipata wa kwanza, naye hawezi kukwambia kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo hewa iingie mbele, dirisha la abiria, ipite juu ya kizimba, itokee kwenye vioo vya pembeni vya nyuma, juu. Buti lifungwe kabisa. Mpira wake ukiwa umechakaa, ubadilishe kwanza.

Mshale mdogo kwenye fremu ya feni huonyesha hewa inakoelekea. Usipouona, kumbuka kwamba hewa hutokea upande wenye ile mikono minne inayoshikilia mota. Kisha jaribu kwa udi. Washa kijiti kimoja, gari likiwa limesimama, injini imezimwa, mbwa hayumo. Kishike mbele ya feni, kwenye kizimba, halafu kwenye kioo cha kutokea. Moshi wake utakuchorea njia yote ya hewa, na utaona pia kona ambazo hewa imelala. Kizimba changu kilikuwa na kona moja ya hivyo. Nilikisogeza sentimita kumi tu, ikaisha.

Naijenga vipi dirishani?

Shusha kioo cha abiria sentimita 16. Chukua kadibodi, chora umbo la nafasi iliyobaki wazi, kata, jaribu, kata tena mpaka ikae bila kulazimishwa. Hamishia umbo hilo kwenye plaiwudi ya milimita 9. Chora duara mbili za milimita 115, zitoboe kwa msumeno mwembamba. Matundu ya skrubu ya feni za sentimita 12 yako umbali wa milimita 105 kutoka moja hadi jingine, kwa hiyo unaweza kuyapima hata kabla feni haijafika.

Ukingo wa chini unaokalia kioo ubandike mpira uliochanwa katikati, ule wa bomba la maji unafaa, ili kioo kisikwaruzwe na ubao usicheze. Ukingo wa juu uingie kwenye mfereji wa mpira wa mlango. Kisha pandisha kioo taratibu mpaka kiubane ubao. Rangi ya mafuta mara mbili, pande zote, hasa kwenye makali, la sivyo mvua ya kwanza itaivimbisha.

Sehemu ya kutokea isiwe ndogo kuliko ya kuingilia. Feni mbili zina uwazi wa karibu sentimita za mraba 200. Kioo cha nyuma chenye upana wa sentimita 40 kikifunguliwa sentimita 5 kinakupa hizo 200. Bila pa kutokea, feni inazunguka na hewa haisogei, na wengi wanaoniambia "nimeifunga lakini haina kitu" tatizo lao ni hilo tu.

Faida ambayo sikuitarajia: kwenye foleni, mkono wa kibaka haupiti tena dirisha lile.

Umeme niuchukue wapi?

Rahisi kuliko yote ni soketi ya kuwashia sigara. Kwenye magari mengi hufa ukizima ufunguo, na kwa kazi hii hilo ni jambo jema, maana halikushawishi kumwacha mbwa. Ukitaka kuunga moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, wala si karibu na feni. Fyuzi inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Waya wa milimita 1 za mraba unatosha sana.

Fundi mmoja aliwahi kuniungia bila fyuzi, akaniambia "kafeni kadogo haka, fyuzi ya nini?" Waya ukapita chini ya reli ya kiti. Kila nikisogeza kiti ulikuwa unachunwa, mpaka siku moja Ubungo, katikati ya foleni, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua chini ya mapaja yangu. Feni ilikuwa ndogo kweli, lakini betri ile ile ndiyo inayowasha injini.

Injini ikiwaka, gari hutoa volti 13.8 hadi 14.4. Feni nyingi za volti 12 huvumilia, lakini huishi muda mfupi zaidi. Weka kipunguza volti kidogo, kile kinachouzwa kwa mafundi wa elektroniki, ukiseti 12. Ni hiari kwa gari dogo. Kwa Canter na malori mengine ya volti 24 ni lazima, na usijaribu kuunga feni mbili mfululizo ukitegemea zitagawana volti sawasawa. Hazigawani.

Haitamaliza betri?

Feni mbili za 0.25 zinakula nusu ampea. Saa kumi mfululizo ni ampea-saa 5, na betri ya Noah ina 45 au zaidi. Betri nzima haitahisi. Betri yako ikiwa ni ile ya kusukumwa na vijana kila asubuhi, usiitafutie kisingizio kwenye feni.

Mimi nina Kirikuu, kizimba kiko nyuma kwenye bodi.

Basi huna haja ya feni gari likitembea. Upepo unao wa bure. Tatizo lako ni kizimba chenyewe. Nimeona cha bati tupu pande zote na vitundu vitatu vya msumari. Hicho ni jiko la oveni. Kuta ziwe za wavu, paa la plaiwudi lililopakwa rangi nyeupe, na paa lizidi kuta pande zote ili jua la saa tisa lisiingie kwa ubavu. Injini ya Kirikuu iko chini ya viti, kwa hiyo usikibananishe kizimba na kichwa cha gari, na weka mbao chini yake hewa ipite kati ya sakafu na bodi. Feni moja ya kupuliza ndani, kwa ajili ya foleni, inatosha. Noah za zamani nazo zina injini chini ya viti vya mbele, na sakafu yake hupata moto: gusa kwa kiganja baada ya mwendo wa saa moja uone.

Mbwa hatatafuna nyaya?

Atatafuna. Pitisha nyaya ndani ya paipu ya plastiki ya umeme, nje ya kizimba, zisionekane. Feni ifunikwe wavu wa chuma pande zote mbili, wenye matundu ambayo ulimi na ncha ya mkia havipiti. Usitumie chandarua, kinaziba sana na vumbi la barabara hukimalizia.

Familia inapanda gari hilo hilo. Vipi harufu na mate?

Hewa ikitoka mbele kwenda nyuma, harufu na manyoya vinaenda nayo. Hii ni sababu nyingine ya kutopuliza kutoka nyuma. Mate ni suala la kizimba: chenye trei ya chini, kinachotolewa chote na kuoshwa. Mzee wa upande wa mke wangu hakai kwenye kiti kilichoguswa na mbwa, na ana haki yake, kwa hiyo mbwa wetu hawajawahi kukanyaga kiti. Shuka la kizimba lina ndoo yake ya kufulia, haliendi na nguo za watu.

Nikiweka kitambaa kibichi mbele ya feni?

Hiyo inafaa Dodoma, kwenye hewa kavu. Hapa unamwongezea mbwa unyevu ambao feni imewekwa kuuondoa. Barafu ni jambo jingine: kilo moja ikiyeyuka humeza joto la wati 93 kwa muda wa saa moja, karibu sawa na lile linalotolewa na mbwa anayehema. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, zifunge kwa taulo, ziweke kizimbani upande ambao anaweza kuzisogelea au kuzikimbia. Zikiyeyuka ana maji ya kunywa.

Kwenye kivuko je?

Safari ya majini ya Magogoni kwenda Kigamboni ni fupi. Foleni ya kupanda ndiyo ndefu, injini imezimwa, jua juu. Mwezi wa kwanza na wa pili napitia Daraja la Nyerere, nalipa, naendelea. Au naondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kama ungeniuliza nichague kati ya feni na kuondoka alfajiri, ningechagua alfajiri.

Niweke swichi ya kujiwasha yenyewe joto likifika kiwango fulani?

Niliweka. Niliiseti nyuzi 28, ikawa haizimi tangu Novemba hadi Aprili. Swichi ya kawaida inatosha. Kipima joto chenyewe, kile chenye namba na sensa ya waya, kina maana: funga sensa ndani ya kizimba, usawa wa pua ya mbwa, uisome kutoka kwenye usukani.

Nitajuaje mbwa amezidiwa?

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 na nusu hivi, kufika 39. Likivuka 41 ni hatari ya kifo. Dalili huanza na kuhema kusikokoma, mate mazito, fizi nyekundu sana. Kisha anayumba, anatapika, anaanguka. Wenye pua fupi, kina Pug na Bulldog, hufika huko mapema, pamoja na wazee na wanene.

Simamisha gari kivulini. Mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mengi, bila kusubiri ya baridi, huku unampepea. Hapo feni yako ina kazi ya kweli, kwa sababu sasa ana maji juu ya ngozi ya kukaushwa. Usimfunike taulo bichi ukaliacha, linashika joto. Mpoze kwanza, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo, hata akiinuka na kutikisa mkia. Madhara ya figo hujitokeza baadaye. Natembea na dumu la lita 20 nyuma ya kiti changu.

Trafiki hawasumbui?

Mimi hunisimamisha kwa udadisi zaidi. Ubao usizibe kioo cha pembeni unachotazamia, mbwa awe kizimbani, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe kwenye dashibodi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo kumfunga mbwa kwenye kiroba au buti lisilo na hewa si suala la huruma tu.

Mbwa wangu anaogopa mlio wake.

Mlishe kizimbani siku tatu, gari limesimama uani asubuhi, milango yote wazi na wewe upo karibu, feni ikizunguka. Siku ya nne zunguka naye mtaani. Jike langu la kwanza alikuwa akibweka kila nikibonyeza swichi. Sasa akisikia mlio huo analaza kichwa, na ikizimika ndipo anainuka kuangalia kulikoni.